Okoth, Nyimbo za Ghalani Zimetoka

Okoth, ndugu yangu,

Nyimbo zimetoka. Nataka ulisikie hilo kabla ya mengine, maana mengine mengi humu ni mabaya, na lililo baya kuliko yote ni langu mimi.

Ziko kumi na moja, zote za miaka ile ya mwanzo, kabla hatujajua hata kufunga waya vizuri. Zile ulizorekodi kwa simu yako iliyopasuka kioo, ukiiegemeza juu ya gunia la mahindi katika ghala la mjomba wangu kule Buteba. Nekesa ndiye aliyezipanga. Mkusanyo tumeuita *Ghalani*. Sasa zinachezwa pande zote mbili za mpaka, na watu ambao hawakuwahi kuja kututazama tulipokuwa watatu wanasema Kelele za Mpaka ilikuwa bendi kubwa. Ungewatukana.

Hawajui tulivyokuwa. Watu walitaka lingala, walitaka nyimbo za kanisa, sisi tukawaletea roki. Mchana wewe unachomelea vyuma, mimi nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa, gereji moja, nyundo mkononi tangu asubuhi. Jioni tunakwenda Buteba kuendelea kupiga. Nekesa anavuka kutoka upande wa Kenya na gita lake la besi mgongoni, sketi bado ina chaki ya nasari anakofundisha. Mjomba alisema tangu tulipoingia panya wote wamehama, kwa hiyo tubaki.

Na tulipigana. Sitaki mtu adhani tulikuwa malaika. Ule wimbo wa "Foleni ya Malori", jaribio la tatu, uliniambia napiga dramu kama mtu anayeua nyoka. Nikakurushia kijiti kikakupasua nyusi. Ukanijia juu ya dramu, gita bado liko shingoni na bado lina umeme, tukaanguka pamoja, wewe unanipiga ngumi za mbavu, mimi nimekushika koo, nyuzi zinalia kama nguruwe anayechinjwa. Yote yanasikika. Nekesa hakuacha kupiga besi hata kidogo. Halafu unasikika ukicheka, ukisema, "Wandera, umenipasua, mjinga wewe. Haya, tena." Tukaanza upya, damu ikikutiririka hadi kidevuni, na sijawahi kupiga vile maisha yangu yote.

Nilitaka kuukata ule ugomvi. Nekesa akakataa. "Usisafishe kitu hapo," alisema. "Ukisafisha, humo ndani hatakuwa Okoth."

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ile Jumamosi tulikuwa tunakwenda kupiga Tororo, kwenye ukumbi wa kweli, wenye jukwaa. Amplifaya yako ilikuwa imetoka kwa fundi Busia. Ukaipakata, ukapanda bodaboda, ukatangulia. Mimi nikafuata na bodaboda nyingine, nimebeba visahani vya dramu na vijiti. Wiki ile wezi walikuwa wamevunja kanisa moja karibu na barabara wakachukua vyombo vya muziki. Hukujua. Mimi pia sikujua. Ulisimama kwenye senta moja kununua maji, mtu akaiona ile amplifaya mapajani mwako.

"Mwizi! Hiyo spika ya kanisa!"

Nimewaambia watu wote kwamba nilifika mambo yakiwa yamekwisha. Nimemwambia Nekesa hivyo. Nimemwambia mama yako hivyo, kwenye matanga yako, nikiwa nimemshika mikono. Niliwaambia polisi hivyo.

Nilifika ukiwa bado umesimama, Okoth.

Dereva wako alikuwa ameshakimbia. Ulikuwa katikati yao umeikumbatia amplifaya, unasema, "Ni yangu, ni yangu, muulizeni fundi." Jiwe la kwanza lilikupata sikioni. Mwingine alikuwa na nondo. Ilipokushukia begani nilisikia mlio wake, na mimi nashinda na mlio wa chuma mchana kutwa, lakini ule haukuwa wa chuma. Ukapiga magoti. Ukaniona. Ukaita, "Wandera! Wandera, waambie!"

Mtu mmoja akageuka akauliza, "Wandera ni nani hapa?"

Nikanyamaza.

Nilikuwa na vijiti mkononi. Nilikuwa na mdomo. Nilihesabu watu badala ya kusema. Nikajiambia ni wengi, wataniua pia, nikajiambia polisi wanakuja. Ukaita mara ya pili. Baada ya hapo hukuita tena, kwa sababu ya nondo. Polisi walipofika walikupakia kwenye pikapu ukiwa bado unapumua, na hospitali hukufika.

Hayo nimekaa nayo mwaka mzima na zaidi. Ngoma sikuigusa. Gereji niligonga bodi za watu mpaka bosi akaniuliza kama nataka kunyoosha gari au kulitoboa. Nilipigana baa. Nilipigana na shemeji yangu. Nilivunja mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikalala wiki nzima bila mlango.

Halafu mama yako akaja kutoka Mulanda. Alishuka kwenye bodaboda pale gereji, akasimama kati ya magari, akaniambia, "Sauti ya mtoto wangu iko wapi? Ninaanza kuisahau."

Simu yako haikuonekana tena tangu siku ile. Nekesa alikuwa na nyimbo mbili tu. Basi nikaanza kutafuta. Niliwauliza waliokuja kwenye harusi tulizofukuzwa, niliwauliza mafundi wa simu, hadi mmoja akanielekeza kwa Barasa, yule anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi karibu na soko la Busia. Akasema Okoth alikuwa mteja wake.

Kumbe kila simu yako ilipojaa ulikuwa unampelekea Barasa ahamishe kila kitu kwenye kompyuta yake. Hukuniambia. Alikuwa amekutunzia yote, Okoth, kwenye folda yenye jina lako. Majaribio, nyimbo nusu, nyimbo ambazo hata mimi nilizisahau. Niliona majina yake kwenye skrini, nikayasoma moja moja.

Barasa si mtu mbaya. Anaongea tu bila kufikiri. Akasema, "Kuna na hii video, mutu aliniletea. Ni ya ile siku. Sijui kama wewe umeona." Akabonyeza.

Nilikuona umepiga magoti. Niliisikia sauti yako ikiita jina langu. Nikasikia mtu akiuliza Wandera ni nani. Aliyekuwa akipiga video akaizungusha simu kama anayemtafuta huyo Wandera, na nikajiona. Shati langu jeusi. Visahani chini ya kwapa. Mdomo umefungwa.

Barasa akatazama skrini, akanitazama mimi. "Lakini huyu ni..."

Nilimpiga kabla hajamaliza. Nilimpiga kwa kibodi, na ilipovunjika nikampiga kwa ngumi. Nikamtoa nje kwa ukosi, nikambwaga kwenye vumbi, nikamkalia kifuani. Jino lake lilinikata kidole. Sikuwa nampiga Barasa, hilo nalijua sasa, lakini uso ulikuwa wake na damu ilikuwa yake, na sitajitetea.

Watu wakajaa. Unajua wanavyojaa pale, upesi, kama nzi. Mmoja akauliza, "Hii mutu ameiba?" Mwingine alikuwa ameshaokota tofali. Akalipima mkononi, akaniangalia mimi, akisubiri niseme.

Okoth, neno lilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja tu. Video ingekufa na yeye, na mimi ningebaki yule aliyefika akachelewa. Barasa alilijua. Aliacha kujikinga. Alinitazama tu, damu ikimjaa puani, na macho yale nilikuwa nimeyaona mahali.

Nikasema, "Hapana. Huyu ni ndugu yangu."

"Sasa unamupigia nini?"

"Ugomvi wa nyumbani. Mimi ndiye mwenye makosa."

Hawakuridhika. Walikuwa wameshashika vitu mikononi, na mtu akishashika kitu mkono unawasha. Nikamlalia Barasa, nikamfunika. Tofali lilinipata mgongoni, chini ya bega, nikasikia pumzi yote inatoka. Mateke mawili. Mtu akanivuta nywele. Nikazidi kupiga kelele, "Ni ndugu yangu! Ni ndugu yangu!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo, hadi mama mmoja muuza nyanya akaanza kuwatukana mmoja mmoja kwa majina yao, na wao wakaanza kuona aibu, na wakatawanyika.

Kumbe kelele tu zingetosha. Hilo ndilo linaloniua. Labda zisingetosha siku yako, wale walikuwa wengi. Lakini sitajua, na hilo ndilo fungu langu.

Barasa alifunga duka. Akasukutua mdomo kwenye beseni, akatema jino, akalitazama. Kisha akaniambia, "Hata hujasikiliza hizo nyimbo." Tukakaa pale wawili, tumevimba, tukazisikiliza zote.

Siku ya tatu nilikwenda Mulanda. Mama yako alikuwa uani anasonga ugali wa kalo. Nilipiga magoti kwenye majivu nikamwambia kila kitu, kama nilivyokuandikia wewe hapa. Hakunikatiza. Nilipofika mahali ulipoita mara ya pili, aliuchomoa mwiko kwenye sufuria, una moto, una unga, akanipiga nao usoni. Akanipiga tena. Alinipiga kichwani, mabegani, mikononi, anahema, hadi mwiko ukavunjika. Akautupa. Akanipiga kwa kiganja, na alipochoka akakaa chini kando yangu.

Dada zako walikuwa wamesimama mlangoni, hakuna aliyekuja kumshika. Walifanya vyema.

Baadaye akasema, "Sijakusamehe." Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Lete hiyo sauti."

Nilikuwa na kispika kidogo kwenye mfuko. Nikamwekea. Unajua mwenyewe muziki wetu, unavyoanza kama bati linalong'olewa na upepo. Baba yako mdogo alitoka nyumbani akauliza ni mashine gani inasaga mawe. Lakini mama alikiweka kile kispika sikioni, akavumilia kelele zote, akisubiri. Kabla ya wimbo wa nne kuna mahali unakohoa, halafu unasema, "Ngoja, nakaza uzi." Basi. Maneno matatu.

Akasema, "Rudisha hapo."

Nikarudisha. Kikohozi, ngoja, nakaza uzi. Akasema rudisha. Kalo liliungua kwenye sufuria, hakuna aliyelijali. Sijui nilirudisha mara ngapi. Kila mara alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia.

Ndipo nikajua lazima zitoke zote, na vikohozi vyake. Nekesa alichukua likizo. Tulikaa kwake wiki mbili, hajanisamehe naye. Nilipomwambia alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kisamia na kwa Sheng, akafungua mlango nitoke, kisha akasema nikae kwanza tumalize kazi ya Okoth. Hatukuongeza ala. Hatukurekebisha sauti. Kwenye wimbo wa saba mvua inapiga bati kuliko mimi ninavyopiga dramu, tukaiacha. Wimbo wa mwisho haujaisha; wewe ulikuwa unatafuta ubeti wa pili, simu ikajaa, ikakata. Tumeuacha ukatike hivyo hivyo. Wanaosikia wanadhani ni kosa la mtandao.

Ile video haimo, bila shaka. Ile tumeipeleka polisi Tororo, mimi na Barasa na pengo lake. Nimeandika maelezo mapya, nikafuta yale ya uongo. Afisa aliniuliza kama naelewa kwamba uso wangu umo pia. Nikasema naelewa. Watu wanne wamekamatwa, mwenye nondo akiwemo. Ndugu zao wamekuja gereji mara mbili kuniuliza kama nimechoka kuishi. Juzi wamechoma pikipiki yangu. Nekesa anataka nihamie kwake upande wa pili. Nimekataa, si kwa ushujaa, unajua sina. Nimechoka tu kusimama pembeni.

Kesi ni Jumatatu. Nakuahidi hili moja, Okoth, na nikilivunja uje unikabe mwenyewe: nitasema yote, kwa mpangilio wake, na yale yangu sitayaruka. Wakinizomea nitaendelea. Wakinisubiri nje nitatoka kwa mlango wa mbele.

Lala sasa, ndugu yangu. Mgongo bado unauma nikipiga, lakini napiga.

Leo asubuhi nilikwenda kwako kupalilia kaburi. Nilimkuta mama yako ameshaanza. Hakunisalimia. Alilima hadi jasho likamwingia machoni, akasimama, akajifuta, kisha akaninyooshea jembe.

Wandera