Stoo Mahali pa Baraza

Jumanne, 1 Septemba 1992
Haya, mwanamke, umerudi. Tangu mavuno ya mpunga hujashika daftari hili. Ulifungwa mikono? Herufi zako zimeota kutu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima angekuona angekucheka. Kaa hapa jikoni, uandike.

Nimefagia. Nimekanda udongo, nimeziba ufa wa jikoni. Kazi bure. Mwanangu Shabani kaja toka Dar na fundi wake, Seif. Nyumba inabomolewa. Anijengee ya matofali ya saruji na bati. Siku hizi bati lipo dukani hapa Kibiti, huombi kibali kwa mtu. Nimefurahi. Nimeogopa pia.

Alhamisi, 3 Septemba
Nimezikumbuka nyumba zangu. Dungu la mama kule bondeni, juu ya nguzo, maji ya mto yanapita chini na sisi tumelala. Kisha tukahamishwa, tukaletwa barabarani, nyumba zimepangwa mstari kama watu wanaongoja sindano. Kisha hii, niliyoijenga na marehemu mume wangu. Boriti za mikoko kutoka delta, udongo, makuti.

Zote zilikuwa na pa kukaa na watu. Hata dungu. Unakaa mlangoni, miguu inaning'inia, unapiga soga na mwenye dungu la pili.

Jumamosi, 5 Septemba
Fundi kaacha mchoro mkekani. Kadhani karatasi hainihusu. Nimeweka kidole juu ya herufi. SEBULE. CHUMBA. CHUMBA. Mbele, pale barazani ninaposuka ukili wa mikeka kila alasiri na jirani yangu Somoe: S, T, O, O. Nimerudia mara tatu.

Stoo! Baraza langu limekuwa stoo.



Jumapili, 6 Septemba
Nimemwambia Shabani. Kasema, mama, mjini watu wanakaa sebuleni. Nikamwambia ndiyo maana hamjuani. Kanuna. Kasema kama sitaki, saruji yake ataipeleka kwingine.

Makuti yameoza. Mvua za vuli haziko mbali. Somoe kasema nikubali tu, bati halikataliwi. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Simtaki mwanangu aondoke na hasira. Na baraza silitoi.

Jumatatu, 7 Septemba
Nimechukua jivu. Nyumba yote ya kwenye karatasi nimeichora chini uwanjani. Vipimo nimemuuliza Seif, naye kanihesabia hatua bila kujua nataka nini. Nikaita wanawake sita na ukili wao. Karibuni sebuleni!

Wakapita kwenye mlango wa jivu. Wakakaa goti juu ya goti. Somoe akavuta ukili wake, ukatokea dirishani.

"Fundi, hebu nishikie mkia huko nje, baba, nyumba yako imenimeza!"

Seif kacheka mpaka kofia ikaanguka. Shabani hakucheka. Alikuwa amesimama peke yake ndani ya stoo ya jivu. Kisha akavua viatu, akakaa palepale, uso barabarani, mkono juu ya goti. Utadhani marehemu baba yake. Mpita njia akamsalimia, akamuuliza habari za Dar. Wakazungumza wee.

Akainuka. Akainama, akafuta mstari wa stoo kwa kiganja.

Ijumaa, 18 Septemba
Msingi umekwisha. Stoo imehamia nyuma. Baraza limemwagwa saruji, refu, mikeka miwili inalala. Boriti zangu mchwa hawakuzigusa, Seif kazisimamisha ziwe nguzo za mbele. Juu litakuja bati. Mikoko na bati, sijawahi kuona. Napenda.

Wanaume wamekwenda sala ya Ijumaa. Kimya. Saruji bado mbichi pembeni, nimebonyeza kiganja changu.

Ukilifungua tena daftari hili, mwanamke, usiandikie jikoni. Njoo na mkeka, kaa barazani, na uanze na jina la wa kwanza kukusalimu.