Kirusi cha Fundi

4 Juni

Mwanangu,
Salamu nyingi. Sisi wazima, kifua tu kinanikaba kidogo asubuhi. Wewe je, unakula?

Tangu redio iseme maabara yenu imegundua kirusi kipya huku, na wapimaji walionichukua makamasi wakarudi kwangu na mavazi yao meupe mtaa mzima ukiona, cherehani imelala. Bibi harusi kaja kuchukua kitambaa chake, kanyoosha mkono kwa mbali kama anamlisha mbwa mkali. Watoto wanakiita Kirusi cha Fundi. Wakubwa nao, eti lisemwalo lipo. Niambie wewe uliyesoma: kweli nimebeba kitu ambacho dunia haijakiona?

Shangazi yako

9 Juni

Shikamoo Shangazi,
Nakula. Pole sana.

Sampuli huja na namba tu, sikujua ile ya kirusi kipya ni yako. Niliyeisoma ni mimi. Huwa tunasoma vinasaba vya kirusi herufi kwa herufi, tunalinganisha na vya wagonjwa wengine. Barua yako ilinirudisha kwenye majibu. Mahali kadhaa palionyesha herufi mbili panapotakiwa moja, yaani virusi vya watu wawili kwenye kichupa kimoja. Nikatoa sampuli yako iliyobaki kwenye friji, nikaisoma upya peke yake. Una kirusi kilekile cha wagonjwa wengine, si kipya. Niliyechanganya ni mimi.

Kesho namwambia mkuu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, naogopa.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Usiseme! Mimi nitazoea, na watu hawakosi la kusema, watahamia kwa mwingine. Wewe ukifukuzwa utaanzia wapi? Funga mdomo, mama.

Shangazi

15 Juni

Shikamoo Shangazi,
Barua yako imenikuta nimeshasema. Mkuu akauliza nani mwingine anajua. Nikasema, shangazi yangu. Akasema basi tutangaze kabla hajatangaza yeye. Wameniondoa kwenye mashine, nabandika namba kwenye vichupa. Mkataba sijui.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,
Redio imesema ni kosa la maabara. Majirani walinijaa sebuleni, wakiuliza ni mjinga gani aliyechanganya. Nikasema, ni mwanangu. Nikawaambia, aliyeliona kosa ni huyohuyo, na aliyelisema huku kazi yake ikiwa hatarini ni huyohuyo. Wewe, wakikunyima mkataba, rudi nyumbani, nakupenda hivyohivyo. Kisha nikawauliza hao majirani, mwenye wa kwake kama huyu amlete tumwone.

Hakuna aliyeinuka.

Shangazi yako