Walioishi Kabla ya Matofaa

Georgia, Marekani, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Hujambo? Natumai goti limepata nafuu na Mama anaendelea vizuri. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua.

Mwaka huu nafundisha darasa la nane historia ya jimbo hili. Nilianza na Waingereza walioshuka Savannah mwaka 1733. Mwanzoni walikataza utumwa, baadaye wakauruhusu, mashamba yakajaa watu walionunuliwa. Sasa tumefika kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa hapa. Serikali ya jimbo iligawa ardhi yao kwa bahati nasibu wakiwa bado wanaishi humo, kisha wanajeshi wakawafukuza kwenda magharibi. Maelfu walikufa.

Mzazi mmoja, Bi. Harlan, amelalamika kwamba nawafundisha watoto kuchukia kwao. Mkuu wa shule ameniomba niruke hapo, niende moja kwa moja kwenye reli na viwanda. Kandarasi yangu inaisha Mei, na bila kazi hii siwezi kukaa huku. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Binti yako,
Chesang

Njoro, 11 Februari

Chesang mama,

Barua pepe yako nimeipata. Sisi tu wazima. Goti ni lile lile, lakini ng'ombe nakamua mwenyewe.

Nilisoma shule ya shamba la mzungu, hapa hapa Njoro. Mwalimu alituambia hapakuwa na mtu hapa mpaka ngano ilipopandwa. Nikaamini. Nilidhani baba yangu alikuja kutafuta kibarua. Nilikuwa na ndevu tayari shangazi aliponiambia kwamba Baba alizaliwa hapa, na baba yake alitundika mizinga ya nyuki kwenye miti iliyokuja kukatwa kupisha ngano hiyo. Wakati huo Baba alikuwa ameshazikwa. Sikupata kumwuliza lolote.

Wafundishe. Wakikuachisha kazi, rudi nyumbani. Hata huku kuna shule.

Baba yako

Georgia, 3 Machi

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nilimwambia mkuu ana kwa ana kwamba sitaruka, nikafundisha.

Bi. Harlan alikuja akaketi nyuma ya darasa. Nilipoonyesha ramani ya viwanja vya bahati nasibu, binti yake aliuliza, "Kwa hivyo shamba letu la matofaa lilikuwa la nani?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "La Wacherokee. Babu alituambia. Ila sisi hatukuwahi kusema."

Hajaondoa malalamiko yake. Lakini alirudi tena tulipofika kwenye vita na mwisho wa utumwa. Kesho naanza habari za watu weusi walioandamana mpaka wakapata haki ya kupiga kura. Habari ya kandarasi bado, ila nalala vizuri.

Binti yako

Njoro, 16 Machi

Chesang mama,

Huku mvua imeanza na sote tuna afya.

Jana niliwapeleka wajukuu kwenye shamba la Kosgei, lililokuwa la yule mzungu, nikawaonyesha ile miti ya mizinga ilikuwa wapi. Kosgei akaja kuuliza tunatafuta nini. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameegemea ua, kisha akaniuliza jina la baba yangu.

"Kipkemboi," nikasema.

Upepo ulikuwa mkali, hakunisikia. Akaniomba nirudie, nami nikalisema kwa sauti.

Baba yako