Roho Mlizozilaza Ng'ambo

Jaro, Iloilo
Jumatatu, baada ya shule

Kwako kaka yangu, Manong Eliseo,

Pokea salamu zangu, japo hukuziulizia. Natumaini mwili wako u mzima, kile kikohozi cha vumbi la Manila kimekuacha, na mwenye nyumba wenu ameshatengeneza bomba. Huku sote tunaendelea. Nanay anaumwa goti siku za mvua tu, na mvua, kama ujuavyo, ni kila siku. Anauliza kama mwanawe anakula wali au anaishi kwa tambi za pakiti. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula vizuri. Huo ndio wema wa mwisho utakaoupata katika barua hii.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Unanijua: nikikatizwa mara moja, maneno yanarudi tumboni na hayapandi tena. Mjomba wetu, Tiyo Berting, anakuja huko na mzigo wa samaki wakavu. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Habari kubwa ni vita vya Jumamosi. Najua ulikuwepo. Lakini uliviona robo tu, na hizo nyingine ulikuwa njiani, kwa hiyo acha nikusimulie mimi.

Kwanza nikukumbushe Kelmarra, ule ulimwengu wa mchezo wetu wa kompyuta, ilivyokuwa kabla wenye mchezo hawajatoa ile nyongeza yao. Hapakuwa na njia ya mkato. Ukitaka kutoka Bandari Kuu hadi Ngome ya Torreg ulitembea, dakika arobaini za saa ya ukutani, ukipita kinamasi chenye nguruwe, huku kompyuta za dukani kwa Manang Bebing zikimeza sarafu zetu njia nzima. Watu walilalamika kwamba safari inakula mchezo. Sisi tulipiga soga. Mimi nisiyethubutu kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni, si kwa Kihiligaynon wala kwa Kiingereza, nilikuandikia wewe njiani maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu yeyote. Shujaa wako mbele, mponyaji wangu Sampagita nyuma. Hata nyumbani hatukuwahi kuzungumza vile, na tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Ikaja nyongeza: bara jipya, mji wa Alumbre wenye mabustani, na lango linalokurusha kwenye ngome yoyote kabla hujamaliza kupiga chafya. Ukainunua, ukajiunga na ukoo mkubwa wa wachezaji wa Manila, ukatuacha. Sikukasirika kwa kuondoka kwako. Watu huondoka. Nilikasirika siku ulipoaga dukani, yule kijana Dodong alipokuuliza nani sasa atauongoza ukoo wa Jaro. Ulicheka ukasema yeyote tu, hata paka wa Manang Bebing, ila si mdogo wako Inday Rhodelyn, maana huyo hata batchoy, supu ya tambi tu, hawezi kuagiza, anaonyesha bakuli kwa kidole kama bubu. Duka zima likacheka. Mimi pia nilicheka, Manong. Hilo ndilo sijakusamehe.

Halafu mkaanza kutumeza. Ngome moja baada ya nyingine za sisi tusio na nyongeza, mkitokea langoni kama nzi kwenye samaki. Tukabaki na Torreg peke yake. Na kanuni unaijua vizuri kuliko mimi: ukoo usio na ngome hufutwa, jina lake na ghala lake. Kwako hilo ni jina dogo kwenye ramani. Kwa Dodong na wenzake ndicho kitu pekee walichokijenga wenyewe tangu wazaliwe, na kwangu ni mahali pekee ambapo watu hunisubiri nifike ndipo waanze. Ukaandika mbele ya wote: "Wazee wa miguu, fungasheni virago. Jumamosi saa tisa mchana tunakuja. Mkiwa wazuri tutawaachia kinamasi mfuge bata." Dodong akakujibu kwamba bata wana adabu kuliko wewe. Ukamwambia mtoto arudi akanyonye.

Sasa nikuambie habari za Tapak. Aliingia kwetu wiki chache baada ya wewe kutoka. Hakusema chochote kwenye sauti, aliandika tu, kwa mkato, na kila alichokiandika kilikuwa kweli, kwa hiyo polepole watu wakamfuata. Kwenu mlisema ni baharia mstaafu wa kisiwa cha Guimaras, mzee mwenye kisirani na meno mabovu. Hata kwetu dukani waliamini hivyo. Dodong alimwita Lolo, babu, naye hakukataa.

Jumamosi, Tapak alituagiza jambo moja. Kabla ya saa tisa kila mtu atembee kutoka Bandari Kuu hadi kile kikanisa kilichobomoka kinamasini, jirani na ngome, akailaze roho yake pale. Desturi hiyo ulitufundisha wewe: unagusa jiwe la mahali, na ukiuawa unaamkia kwenye jiwe hilo. Watoto walinung'unika kuchapa mguu kote huko kwa ajili ya kugusa jiwe tu. Tapak akawaandikia, "Tembeeni, wavivu nyie. Kufa nako kuna nauli."

Ninyi roho zenu zote mlizilaza Alumbre, kwa kuwa ndiko kwenye lango na maua. Na ulijua kwamba ngome ikizingirwa lango la kuiendea hufungwa saa nzima. Ulijua, Manong, wewe ndiye uliyenisomea kanuni hiyo. Ila uliwaza kwamba watu wenye panga za mwanga hawafi, na kwamba vita vitaisha kabla kahawa haijapoa.

Mlitupiga vibaya mwanzoni. Siwezi kulificha hilo. Ukuta wa kaskazini ulianguka kama keki ya mchele, na kila mmoja wetu aliuawa angalau mara mbili. Lakini sisi tuliamkia kinamasini, hatua chache nyuma yenu, tukarudi na matope yetu. Kila mtu wenu aliyeanguka aliamkia ng'ambo ya bahari, katikati ya mawaridi, mbele ya lango lililofungwa. Ikambidi apande meli kisha atembee. Tapak alisema tusihangaike na mashujaa, tuwaue waponyaji wenu mmoja mmoja, kisha tungoje. Tukangoja. Tuliwasikia wenzenu wakiuliza mbele ya umma mzima wa Kelmarra eti kinamasi kinapitwa upande gani. Mmoja aliuliza kama viatu vinanunuliwa. Watatu waliliwa na nguruwe, Manong. Nguruwe wale wale ambao Sampagita alikuwa anawaua kwa fimbo nilipokuwa na miaka kumi. Manang Bebing alicheka mpaka akamwaga chenji.

Kisha ukafanya jambo la akili, la kwanza siku hiyo. Ulikumbuka kikanisa. Ukawageuza watu wako uliobaki nao, mkakimbilia kulivunja jiwe letu. Lingevunjika, kila mfu wetu angeamkia Bandari Kuu na yote yangeisha. Watu wetu walikuwa wamekodolea macho ukuta, hawakuwa wanasoma maandishi. Tapak aliandika mara tatu: rudini kwenye jiwe. Hakuna aliyesoma.

Hapo ndipo Dodong, aliyeketi mkono wangu wa kulia, aliposikia kwenye hedifoni sauti ya msichana ikipiga kelele kwa Kihiligaynon cha sokoni: "Acheni ukuta! Jiweni! Jiweni nyote, punda nyie, Eliseo yuko nyuma yenu!" Kilichomshangaza ni kwamba aliisikia mara mbili, hedifonini na sikio lililo wazi. Akageuka. Duka zima likageuka. Lakini mikono yao ilikuwa imeshatii.

Ndiyo. Tapak ni mimi.

Nilimtengeneza wiki ile ile uliyotuacha, nikamlea kwa miguu kutoka bandarini, peke yangu, bila mtu wa kuzungumza naye njiani. Nilimpa jina la unyayo. Wewe na upanga wako wa mwanga mlikufa mbele ya kikanisa kwa mkuki wangu, nami nilikaa nikakutazama ukififia. Tuliposhinda Dodong aliniuliza, kwa heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake, eti Lolo, kumbe unasoma darasa moja na dada yangu? Jioni nilizungumza mezani bila kukoma. Nanay alidhani nina homa.

Ningekuambia yote haya kwa upole zaidi kama usingeandika ule ujumbe wa jana. Ulimwandikia Tapak kwa siri. Nimeukariri. "Bwana mkubwa, heshima yako. Mtu kama wewe unafanya nini na takataka wale? Njoo kwetu, nitakupa kiti karibu na changu. Yule mponyaji wao, Sampagita, ni mdogo wangu. Mwache huko huko, ni mzigo."

Niliusoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kucheka. Muda wote ule nilikuwa nangoja uulize habari zangu, kwa mtu yeyote. Umenitaja sasa, kwa baharia wa Guimaras asiyekuwepo, na ulichotaka ni kuniacha nyuma.

Basi jibu la Bwana mkubwa ni hili: haji. Kiti chako kalia mwenyewe. Najua mtarudi Jumamosi, na najua safari hii mtalaza roho zenu karibu, kwa hiyo mjifunze kwanza kutembea. Usinipigie simu. Usimtume Nanay. Ukitaka kuzungumza nami, shuka melini Bandari Kuu peke yako, bila upanga, ushike njia ya kinamasi. Siahidi kwamba sitakuua. Lakini nitakuwa nimekuona tangu mbali, na dakika arobaini ni nyingi, unaweza kusema mengi.

Nanay anakusalimu na anakubusu. Manang Bebing anasema kiti chako cha zamani kimevunjika mguu. Dodong hakusalimu. Vaa koti, nasikia huko kuna baridi ya mvua.

Ni mimi,
Rhodelyn,
kiongozi wa ukoo wa Jaro