Picha ya Kumi na Mbili

Mama Oliva, mke wangu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, na yako naijua. Nilisimama pale makaburini mwenyewe, upepo wa Julai ukitupiga vumbi usoni. Basi niseme yangu. Mimi mzima, studio bado ipo, na mwanao amenigeuza mwanafunzi uzeeni.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana? Soko huria lilipoingia, kila kijana hapa mjini akawa na kamera yake ndogo, nami nikasema upepo huo utapita. Haukupita. Filamu za kamera yetu kubwa zimeadimika hata Mbeya. Ndipo Oliva akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. Kuna mtu anafunga studio yake, anauza vitu viwili, na uwezo wetu ni wa kimoja tu. Cha kwanza ni kipande cha dijitali: unakipachika nyuma ya kamera ileile, mahali pa filamu, na picha inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Cha pili ni skana. Hiyo inasoma negativu, kwa hiyo tungeendelea kupiga kwa filamu na kuisafisha kama zamani, halafu skana ndiyo iziingize picha kwenye kompyuta.

"Baba, chagua," akasema.

Nikachagua kipande cha dijitali, hata sikuomba siku ya kufikiri. Usinicheke, ni kwa ajili ya mikono yako. Miaka yote ile ulizamisha filamu kwenye dawa, ukazisuuza kwa maji ya Sumbawanga yanayouma kama barafu, vidole vikawa vya kahawia na kupasuka, ukawa unavificha kwenye khanga tukienda kanisani. Nilisema kitu kisichotaka dawa wala maji kingekuja mapema, ungekufa na mikono yako mizuri. Chumba cha giza nilitaka nikifunge kabisa, nisikione.

Sasa Oliva unamjua, ubishi kaurithi kwako. Akasema tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nimtumie negativu yoyote ya zamani aijaribie skana, na kile kipande atakijaribu hukohuko. Nikafungua kabati lako. Bahasha zote zipo kama ulivyozipanga, kwa njia na siyo kwa majina, maana ulisema akina Maria wa Ufipa hawana mwisho, lakini kila mtu ana njia yake ya kurudi nyumbani. Njia ya Matai. Njia ya Muze. Njia ya Kirando. Nikachomoa ya juu, harusi moja ya Njia ya Matai, nikaitia kwenye basi.

Akapiga simu tena. Kipande kinatoa picha safi, tena papo hapo, ila kinafungwa kwa waya kwenye kompyuta, kwa hiyo kushuka nacho Muze harusini ndiyo usahau. Halafu ni kidogo kuliko filamu, kinakata pembeni. "Ukipiga kwaya, Baba, sauti ya nne wote wanabaki nje." Na wewe unajua studio yetu, nikirudi nyuma hatua moja nimegusa ukuta. Hata hivyo nikasema kileile. Mimi nikishasema, nimesema.

Wiki iliyofuata basi likaleta bahasha kutoka kwake. Nikaifungua nikitegemea bibi harusi. Ulikuwa ni wewe. Umesimama kwenye ule mlango wa kutoka studio kwenda uani, mikono ina unga wa ulezi, unanitazama kama mtu niliyemkatiza kazi. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia, wala sioni aibu kukuambia.

Nilikuwa nimesahau, mke wangu. Filamu yetu ina picha kumi na mbili, na huwezi kuitoa kuisafisha mpaka iishe. Shughuli ikiishia ya kumi na moja na watu wanataka picha zao, nilikuwa naita, "Mama Oliva, njoo umalizie filamu!" Unakuja unanung'unika. "Wewe kila siku unanivizia nikiwa mchafu." Unasimama hatua moja mbele ya mlango, penye mwanga, nabofya, unarudi jikoni. Karatasi za kutolea picha zilikuwa za wateja, kwa hiyo ile ya mwisho hatukuitoa hata mara moja. Kwenye negativu uso wako ni mweupe na meno meusi, macho yangu yakakuzoea yakawa yanakupita. Ndiyo maana siku ya mazishi tuliweka juu ya jeneza kapicha tulikokata kwenye kitambulisho chako. Kinyozi hajinyoi, watu walisema, na mimi niliwasikia.

Nikampigia Oliva. "Lete skana."

Alikuja nayo mwenyewe alipopata likizo, na kompyuta yake. Siku tatu tumekutoa kwenye bahasha, njia kwa njia. Siku ya pili Oliva akasema, "Baba, umeona hereni?" Nikavaa miwani. Ni zile za mviringo, ulizosema ni za Pasaka na Krismasi tu. Umezivaa kwenye picha zote. Una unga mikononi, una mtoto mgongoni, mwaka mmoja una jicho limevimba, na hereni zipo.

"Kamera yako inapiga kelele," Oliva akaniambia. "Mama alikuwa anaihesabu akiwa jikoni. Akisikia ya kumi, anaacha mwiko anakwenda chumbani."

Hapo nikakumbuka kitanda chako wiki ile ya mwisho. Kwenye kamera mlikuwa na filamu iliyofika ya kumi na moja. Uliniuliza, "Baba Oliva, si imebaki moja?" Nikakujibu upone kwanza, utatoka vibaya. Ulikuwa umevaa hereni. Nikadhani homa imekuchanganya.

Nisamehe. Ulikuwa unataka picha, miaka yote ile, na mimi nilidhani unanisaidia kumaliza filamu.

Tangu tukuzike sikuwa nimeigusa kamera ile. Jana Oliva aliuliza kama asimame mlangoni ili filamu iishe. Nikamwambia hiyo ina mwenyewe. Nikafungua mlango kama ulivyokuwa unauacha, nikarekebisha lenzi, nikabofya. Nikaisafisha kwa mikono yangu. Ile dawa inauma, Mama Oliva, nami sikuwahi kukuuliza.

Pumzika sasa, mke wangu. Picha zako zimejaa ukutani, wateja wanauliza huyu mama ni nani, nami nawachosha kwa majibu. Kabla sijaweka kalamu chini nikwambie moja. Hiyo ya kumi na mbili tuliitia kwenye skana asubuhi ya leo. Oliva akaitazama akatikisa kichwa. "Baba, hii hukulenga. Mlango wote una ukungu."

Sikuulenga mlango. Nililenga hatua moja mbele yake.

Mumeo,
Baba Oliva