Mama, Nimekula Senene

Mama,

Nimekula senene. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine, maana wambea wa kijijini kwetu Izigo nao wameshafika wengi huko uliko.

Sikuanza kwa ushujaa. Mimba ilipofika miezi sita, kila nikiinuka naona giza. Nesi wa zahanati hapa Buhembe alinivuta kope chini, akaguna. Damu kidogo. Akasema nile mayai, maini, na hata panzi wetu hawa, senene, la sivyo uzazi huu ungeweza kuniua. Niliogopa, Mama. Maneno hayo hayo daktari aliyasema juu yako, ukiwa umeshatutoka.

Naikumbuka ile hospitali, kabla ya Uhuru. Chumba chenye vitanda na vyandarua kilikuwa cha Wazungu, kinachofuata cha Wahindi, na wewe na uchungu wako ukalazwa kwenye mkeka barazani, mvua ikikurushia. Siku hizi mlango ni mmoja. Nilikaa benchi moja na mke wa Mhindi mwenye duka mtaa wa Bakoba, kila mtu na tumbo lake, tukilalamikia miguu kuvimba. Ungefurahi kutuona.

Lakini damu yako haikuanza kuisha pale barazani. Ilianza kupungua nyumbani kwetu, ulipokuwa ukiwanyonyoa senene mbawa, unawakaanga, unampelekea Tata, mumeo, sahani nzima, kisha wewe unarudi kwenye ndizi zako. Kuku, mayai, senene, vyote vya wanaume. Hilo bado linaniuma.

Mama mkwe alikataa katakata. Nikila mayai, alisema, nitazaa mtoto mwenye upara. Mume wangu akawa anatazama dari. Habari zikamfikia Tata, naye akapanda basi na kikapu cha senene, akaingia jikoni kwangu. Tata yule yule ambaye hakuwahi kuinjika hata maji! Aliwakaanga mwenyewe. Aliwaunguza kidogo. Akaniwekea sahani mapajani, akasema, "Kula, mwanangu, nikuone." Mbele ya mzee mwenzake, mama mkwe hakuthubutu kuniondolea sahani.

Nilipokuwa natafuna, Tata akasema polepole kwamba ulimkaangia miaka yote, na hata siku moja hakukuuliza kama unatamani. Mimi najua ulitamani. Nilikuwa nakuona ukilamba vidole akishatoka.

Nimezaa salama, Mama, mtoto wa kike, na nimempa jina lako. Upara anao kweli. Lakini hata kaka alizaliwa hivyo hivyo, na wewe hukuwahi kugusa yai, basi hilo tumwachie Mungu. Mimi nina nguvu, napalilia kahawa, na jioni naenda kisomo cha watu wazima na wenzangu. Nimeridhika. Ninachokosa ni wewe tu.

Jana mume wangu alikuwa anakula yai, amempakata binti yetu. Mtoto, mwenye miezi kumi sasa, akalinyakua, akalisukumia lote mdomoni, mashavu yakamjaa. Sote tukamgeukia mama mkwe. Bibi yule akainuka taratibu, akamtoa mtoto yai mdomoni, akalimega vipande vidogo vidogo, akaanza kumlisha.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi mjukuu wako atakula ashibe, na wa kwake pia.

Mwanao,
Koku