Gundi ya mashua ya maonyesho

Yasmina, nimempiga Ilias. Mimi! Nimempiga fundi wetu kwa nyundo ya mbao, mbele ya klabu nzima ya mashua ndogo za mfano.

Tulikuwa tumeiweka mashua ya maonyesho ya kesho ndani ya beseni. Baada ya dakika kumi viungo vikaachana, maji yakapenya chini ya vanishi. Nilikuwa nimemwagiza atumie gundi isiyoyeyuka majini. Ametumia ile nyeupe, ya fremu za picha!

Naye akacheka. "Mwalimu, mashua yako iko na kiu!"

Nikampiga.

"We unanipiga juu ya kamashua?"

Nikampiga tena. Mara ya pili, Yasmina, naye alikuwa amekwisha kupiga magoti, damu ya kinywani ikidondokea kwenye beseni.

Mwalimu mwenzangu Mathilde akanishika mikono. "Apana! Utaua mutu!"

Taya limevunjika. Wamempeleka hospitalini.

Nimebaki nikipanga vifaa, nikaliona kopo alilotumia. Gundi hiyo niliihamishia humo mwenyewe juzi. Kibandiko kina mwandiko wangu: "Ya majini". Ndani kuna gundi nyeupe.

Ilias hajui bado. Naenda kumwambia, kabla polisi hawajanifikia.